Kibao cha babu kimeshika kutu: fundi wa rangi asubiri kwanza

"Shikamoo. Marehemu babu yetu alikuwa na duka la spea na karakana ndogo Mwembe Tayari, Mombasa, tangu kabla ya uhuru. Juzi tumefungua stoo yake tukakuta vitu vya matangazo alivyokuwa akipewa na kampuni: kibao cha enameli kilichoandikwa Wakefield Castrol, kimeshika kutu kwenye kona na kuzunguka matundu ya skrubu, kabati dogo la bati la plagi za Champion, lina kioo mbele, yule mtu wa matairi wa Michelin, wa kadibodi, wa kusimamisha kaunta, ameliwa na wadudu miguuni, na masanduku ya brekilaini za Ferodo, mengine bado yana mali ndani. Fundi wetu wa rangi anasema nimpe avipige msasa na kuvipulizia rangi upya ndipo vitapata bei. Kuna mzee amekuja mara mbili anataka kuvichukua vyote kwa shilingi 15,000. Halafu kaka yangu aliwahi kununua kibao cha Shell mtandaoni, akaambiwa ni cha miaka ya 1930, lakini nikikiweka kando ya hiki cha babu naona kama havilingani. Nianzie wapi? Sitaki kuuza urithi kwa bei ya vyuma chakavu, wala sitaki kujidanganya kwamba tumekalia utajiri."

Marahaba, mwanangu, na poleni kwa kuondokewa na mzee. Umeuliza uanzie wapi. Anzia kwenye masanduku ya Ferodo, tena leo, kabla ya kugusa kitu kingine chochote humo stoo.

Brekilaini za zamani zilitengenezwa kwa asibesto, na Ferodo, kampuni iliyoanzishwa na Mwingereza Herbert Frood mwaka 1897, ilikuwa miongoni mwa wakubwa wa kazi hiyo. Kipande kizima kilicholala kwenye sanduku lake hakina ugomvi na mtu. Ubaya uko kwenye vumbi. Nyuzi za asibesto ni nyembamba hata huzioni, zikizama mapafuni hukaa humo, na maradhi yake, saratani ikiwemo, huweza kujificha miaka ishirini au thelathini kabla ya kujitokeza. Kwa hiyo usiyakung'ute masanduku hayo, usiyapulize, usifagie chini yake kwa ufagio mkavu, na watoto wasicheze huko. Vaa barakoa ya kuchuja vumbi laini, si ile ya kitambaa, nyunyizia vipande maji kidogo vilowe, vitie kwenye mfuko mzito wa plastiki, kisha mfuko huo uingie kwenye wa pili, funga, andika juu yake kilichomo, halafu waulize NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, namna ya kuvitupa. Wakusanyaji hulitafuta sanduku lenyewe kwa ajili ya maandishi na picha yake. Lakini kama ndani mna vumbi lililomwagika, liache nalo ndani ya mfuko mpaka alione mtu mwenye vifaa. Hakuna kadibodi inayolingana na pafu.

Hilo likishakwisha, tumzungumzie fundi wa rangi. Simlaumu. Kwake yeye, gari lililopauka likipigwa rangi linapanda bei na mwenyewe anafurahi. Huku kwetu hesabu huenda kinyume. Anayenunua kibao cha zamani hanunui chuma, maana chuma kimejaa kwa wauza skrepa. Ananunua ule uso uliotoka kiwandani: rangi ileile, maandishi yaleyale, na makovu yaliyopatikana ukutani kwa babu yako. Kibao chenye kutu kwenye kona ni kibao cha zamani chenye kasoro. Kikishapuliziwa rangi juu, kinakuwa kazi ya fundi wenu ya mwaka huu, nzuri au mbaya, iliyopakwa juu ya chuma cha zamani. Na kukirudisha kilivyokuwa ni kazi ngumu, mara nyingi haiwezekani.

Somo hili nililipata kwa uchungu. Nikiwa kijana nilibahatika kupata debe la mafuta ya injini, la bati lililochapwa picha, nikalisugua kwa majivu na ndimu kama tulivyozoea kusugua masufuria nyumbani. Liling'aa hata ungeweza kujitazama. Maandishi nayo yakaenda na maji machafu. Debe hilo ninalo hadi leo, jeupe pe, natilia misumari.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba vitu hivi vyote ni "mabati ya zamani" na dawa yao ni moja. Stoo yako ina vitu vya namna tatu, na kila kimoja kinaumwa ugonjwa wake.

Tuanze na kibao. Kumbuka kile kikombe cha enameli cha nyumbani, cheupe chenye ukingo wa buluu, ambacho kikianguka sakafuni kinabanduka na kuacha doa jeusi. Kibao cha Castrol ni ndugu wa kikombe hicho. Enameli haina undugu na rangi ya kopo, ni kioo. Unga wa kioo uliochanganywa na madini ya kutia rangi hutandazwa juu ya bamba la chuma, bamba likaingizwa tanurini kwenye joto la nyuzi 800 hivi za Selsiasi, unga ukayeyuka na kung'ang'ania chuma. Mkono wa kwanza, wa chini kabisa, kwa kawaida ni mweusi au wa buluu iliyoiva, kwa sababu hutiwa kobalti ili ushike vizuri. Ndilo lile doa unaloliona kwenye kikombe. Rangi nyingine hufuata juu yake, na katika vibao vya zamani kila rangi ilipitishwa kwenye kiolezo na kuchomwa peke yake, hivyo kibao cha rangi tatu kilikuwa kimeshaonja moto mara kadhaa. Uingereza ilikuwa na viwanda vikubwa vya kazi hii. Patent Enamel Company ilijenga chake Selly Oak, Birmingham, mwaka 1889. Marekani nako kampuni ya Ingram-Richardson ya Beaver Falls, Pennsylvania, ilianza mwaka 1901.

Kioo hakipauki juani kama rangi, wala hakinywi maji ya mvua. Ndiyo maana wauza mafuta, matairi na betri walikipenda, na ndiyo maana kibao cha babu bado kina rangi ambayo ubao wa duka la jirani uliipoteza mara tano. Ila kioo ni kioo, kikigongwa hupasuka. Skrubu iliyokazwa kupita kiasi inatosha, ndiyo sababu karibu kila kibao cha zamani kimebanduka kuzunguka matundu. Pale palipobanduka chuma hubaki uchi, na nyinyi mko Mombasa, hewa yenyewe ina chumvi. Chumvi huvuta unyevu na kuiharakisha kutu. Kutu nayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo inavimba chini ya ukingo wa enameli na kuinua kioo kilichokuwa kizima. Kikibanduka, chuma kingine kinakuwa uchi, na kutu inapata mlo mpya. Ile kona yako ni kidonda kinachotambaa. Huna haja ya kukiondoa, unahitaji kisitambae zaidi.

Kazi hiyo ni ya nusu siku na haitaki fedha nyingi. Laza kibao juu ya blanketi. Ondoa vumbi kwa brashi laini. Weka matone machache ya sabuni ya maji ya vyombo kwenye maji ya vuguvugu, chovya kitambaa cha pamba, kikamue, futa sehemu ndogondogo. Maji ya kisima cha pwani yana chumvi, usiyatumie. Chukua maji yaliyotoneshwa, yale wanayouza vituo vya petroli kwa kuongezea kwenye betri, na uhakikishe ni maji, si asidi. Futa tena kwa kitambaa chenye maji hayo matupu, kausha papo hapo, kisha kiache mbele ya feni saa kadhaa mpaka nyuma na ndani ya matundu pakauke kabisa. Kutu iliyolegea iondoe kwa kijiti cha mwanzi. Ile iliyoshika iache ilivyo. Mwisho paka nta safi, kidogo tu, kwenye sehemu zilizo uchi, uisugue mpaka isinate. Watu wa makumbusho hupendelea nta inayotokana na petroli kuliko ya nyuki, kwa kuwa ya nyuki ina asidi kidogo.

Waya wa kusugulia masufuria, msasa, majivu, ndimu, siki, dawa ya kusafishia choo, asidi ya betri: vyote hivyo visikaribie kibao. Vinavyokwaruza huua mng'ao na haurudi, na asidi hula baadhi ya rangi za enameli, hasa nyekundu na za manjano. Jambo jingine ambalo watu hawalitarajii: kibao kikiwa kimepinda, usikinyooshe. Chuma kitakubali, kioo hakitakubali. Na kwa kuwa rangi nyingi za zama zile, hata baadhi ya enameli, zilikuwa na madini ya risasi, vipande vilivyobanduka viokote kwa kitambaa chenye maji na unawe mikono kabla ya kula.

Kabati la Champion linataka mkono mwepesi zaidi. Hilo kwa kawaida ni bati lililochapwa: wino mwembamba mno uliopigwa moja kwa moja juu ya bati, kama ule wa makopo ya biskuti. Hapo hakuna kioo cha kuulinda. Petroli, mafuta ya taa, tina ya kuyeyushia rangi, hata sabuni kali, vyote huweza kuulegeza, na kutu ikianza hutokea chini ya wino na kuusukuma juu kwa malengelenge madogo. Kwa hilo usianze na maji. Brashi laini, kitambaa kikavu cha pamba, basi. Kama kuna grisi ya vidole vya mafundi kwenye vishikio, mimi ningeiacha. Ni sehemu ya kazi iliyofanywa na kabati hilo. Kioo cha mbele kifute kwa kitambaa kilicholowa kidogo, usipulizie dawa ya vioo, itachuruzika hadi kwenye fremu na kukaa humo.

Nikiwa hapo, nikuibie siri ndogo ya jina. Albert Champion alikuwa Mfaransa, mwendesha baiskeli wa mashindano aliyehamia Marekani. Alianza biashara ya plagi kwa jina lake, akagombana na wenzake, akaondoka mwaka 1908 na kuanzisha kampuni nyingine mjini Flint, Michigan. Jina Champion likabaki kwa wale aliowaacha, ambao walihamia Toledo, Ohio. Yeye mwenyewe akalazimika kutumia herufi za mwanzo tu, na ndiyo plagi za AC ambazo babu yako bila shaka aliziuza kaunta hiyohiyo. Mtu mmoja alishindana na jina lake mwenyewe.

Yule bwana wa kadibodi ndiye aliye mahututi. Michelin walimpa umbo mwaka 1898, akachorwa na msanii aliyejiita O'Galop, na akaitwa Bibendum. Watu huuliza kwa nini ni mweupe ilhali matairi ni meusi. Matairi ya wakati ule hayakuwa meusi. Masizi ya kaboni yanayoyapa weusi na ugumu yalikuja kutumika baadaye. Kwa upande wako, jua na wadudu ndio maadui. Mtoe juani leo. Kama wadudu bado wamo, mfunge ndani ya mfuko wa plastiki, utoe hewa uwezavyo, uuzibe kabisa, umweke kwenye friza kwa majuma mawili. Ukimtoa, usifungue mfuko mpaka siku ya pili, la sivyo unyevu utatua juu ya kadibodi yenyewe badala ya kutua nje ya plastiki. Dawa ya kupulizia wadudu itamtia madoa. Na tafadhali, mwanangu, usimpeleke akapigwe laminesheni. Najua siku hizi kila karatasi yenye thamani nyumbani, kuanzia cheti cha kuzaliwa, hupitishwa kwenye ile mashine. Joto na gundi vikishaingia kwenye kadibodi havitoki, na anayekusanya vitu hivi akiona plastiki ile anaondoka bila kuuliza bei.

Sasa uhalisi, na hapa nitamgusa kaka yako. Watu wengi hudhani kwamba wakithibitisha kibao ni cha enameli kweli, basi ni cha zamani. Si hivyo. Vipo viwanda leo, vingi vikiwa India, vinavyotengeneza vibao vya enameli halisi kabisa, vizito, vilivyochomwa tanurini, halafu wauzaji wanavigonga kwa nyundo na kuviloweka ili vipate kutu. Sumaku itakusaidia kukamata cha alumini tu. Asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, ukiigusisha kidogo kwenye kona ya nyuma kwa pamba, itaondoa rangi ya kawaida na kuiacha enameli salama, kwa hiyo itakuonyesha palipopakwa upya. Lakini usidiriki kuijaribu kwenye kabati la Champion. Vipimo hivyo vinakwambia kitu kimetengenezwa kwa nini. Haviwezi kukwambia kimetengenezwa lini.

Kwa umri mimi hutazama kama kasoro zina akili. Kibao kilichoning'inia ukutani miaka thelathini kina kutu iliyochuruzika kuelekea chini, kutoka kwenye skrubu. Matundu yalitobolewa kabla ya kuchomwa, kwa hiyo enameli imeingia mpaka kwenye kingo za tundu. Mgongoni kuna michubuko pale kilipogusa ukuta, na mara nyingi utakuta matone ya chokaa kandokando, maana duka lilipigwa chokaa na fundi hakujisumbua kukishusha kibao. Cha kughushi kina kutu inayofanana pande zote, kimebanduka kwa mapigo yaliyopangwa vizuri, na mgongo wake umezeeka kiasi kilekile na uso. Pitisha ukucha kwenye mpaka wa rangi mbili: kilichopakwa kwa violezo huwa na kingazi kidogo unachoweza kukihisi. Usikose usingizi kama hakipo, kwa sababu baadaye viwanda vilihamia kwenye kuchapa kwa skrini na uso ukawa tambarare, na hivyo navyo ni vya zamani.

Halafu soma maandishi. Charles Wakefield alianzisha kampuni yake ya vilainishi London mwaka 1899, na mwaka 1909 akatoa mafuta ya injini yaliyotiwa mafuta ya mbarika, ambayo wengine huyaita nyonyo. Mbarika kwa Kiingereza ni castor, ndiko lilikotoka jina Castrol. Kwa miaka mingi vibao viliandika majina yote mawili, Wakefield Castrol, mpaka kampuni yenyewe ilipobadili jina mwaka 1960 na kuwa Castrol Limited. Kwa hiyo maneno ya kibao cha babu yako yanaelekea kabla ya 1960, na yanalingana na umri wa duka. Peke yake maneno hayathibitishi, kwa sababu mghushi naye anajua kusoma. Lakini kibao kilichokaa ukutani kwenye duka linalojulikana, kisha kwenye stoo ya familia moja, kina ushahidi ambao hakuna kiwanda kinachoweza kuuchoma tanurini.

Kibao cha Shell cha kaka yako kina mtihani rahisi. Huku bara Tanzania kituo chochote cha mafuta watu wanakiita sheli, hata kikiwa cha kampuni nyingine, kwa jinsi alama ile ilivyokaa kwenye macho ya watu. Na alama hiyo imebadilika mara kadhaa. Kombe la kwenye alama ya miaka ya 1930 lilichorwa kama gamba la baharini lenyewe, lenye mifuo mingi na vivuli. Lile tulilozoea leo, lililorahisishwa kuwa mistari michache minene yenye ukingo mwekundu, ni kazi ya mbunifu Raymond Loewy ya mwaka 1971. Kibao kikidai kuwa cha 1930 na kimevaa kombe la Loewy, kimejifichua chenyewe. Mwambie kaka asiwe na huzuni sana. Akitundike sebuleni kama kinampendeza, ila asije akamuuzia mwingine kwa hadithi aliyouziwa yeye.

Bei. Sitakutajia tarakimu kwa vitu ambavyo sijavishika, na mtu yeyote atakayekutajia kwa picha mbili za simu anakisia. Naweza kukwambia inavyofanya kazi. Bei unayoiona mtandaoni ni ile muuzaji anayoiomba, na mtu anaweza kuomba hata mwezi. Tafuta matokeo ya minada iliyokwisha, kitu kikiwa kimelipiwa. Nyumba za mnada kama Bonhams huuza vitu vya magari na kuonyesha bei zilizofikiwa. Linganisha kitu cha ukubwa uleule na hali ileile, kisha toa kamisheni ya mnada, ufungaji, na usafiri wa kioo na chuma kutoka Mombasa hadi Ulaya. Kwa vibao vya kawaida hesabu hiyo hukata kiu haraka sana. Castrol ilitundika vibao vingi duniani. Kitakachokipandisha cha kwenu ni kama kina jina la mji, anwani ya wakala wa hapa, au maneno ya Kiswahili, kwa sababu vya namna hiyo vilitengenezwa vichache na vingi viliyeyushwa kampuni zilipobadilishana mikono. Nyota ya Caltex, mbwa wa Agip mwenye miguu sita, vyote tulivizoea barabarani na leo kuvipata ni kazi. Kimoja nilikiokota kikiwa kimeziba tundu la banda la kuku.

Ukiuliza mimi ningefanyaje, ningeuza kidogo na kubakiza kingi. Ningemtenga Bibendum auzwe, kwa sababu kadibodi hudumu mara chache na mtu mwenye uwezo wa kumtunza anamstahili kuliko stoo yenye joto la Mombasa. Kibao na kabati ningeviacha pamoja, kwenye familia, vikitundikwa ndani ya nyumba kwa skrubu za shaba zisizokazwa sana, na washa laini, kile kipete cha skrubu, katikati ya skrubu na enameli. Vikikaa stoo, vifungwe kwa kanga kuukuu, visilale sakafuni, wala visifungwe ndani ya nailoni inayozuia unyevu kutoka. Lakini huo ni moyo wangu. Kama kuna karo ya shule inayosubiri, uza bila kuona haya, ila usiuze kwa pupa.

Kwa sheria, Kenya inavihesabu kuwa malikale vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, kwa mujibu wa Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006. Vya babu yako ni vya baadaye. Hata hivyo, mnunuzi akitaka kuvitoa nje ya nchi, pitia ofisi ya Makumbusho ya Taifa uulize kwanza, usije ukasumbuliwa bandarini kwa kitu ambacho kingemalizwa kwa barua.

Na bahati nzuri unaishi karibu na watu wanaoijua kutu ya chumvi kuliko mimi. Fort Jesus, ile ngome ya Mombasa, walihifadhi vyombo vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyozama chini ya ngome mwaka 1697 na kufukuliwa na wapiga mbizi kuanzia 1977. Kama enameli inaendelea kubanduka kila unapokigusa kibao, kama bati la kabati lina malengelenge ya wino, au kama Bibendum anamomonyoka mkononi, acha yote niliyoandika hapa na uende ukawaombe ushauri ana kwa ana. Nenda na picha kwanza, usibebe kitu.

Kabla ya hapo, piga picha kila kitu kilipo, mbele, nyuma na kwenye kingo, pamoja na stoo yenyewe. Vuta droo za kabati uangalie chini yake, mara nyingi huko kuna karatasi za wakala, orodha za bei, hata risiti. Mtafute mtu yeyote aliyefanya kazi na babu akiwa bado ana kumbukumbu, umuulize kibao kilikuwa upande gani wa mlango na nani alikileta, urekodi sauti yake kwenye simu. Picha ya zamani ya duka ikionyesha kibao hicho ukutani ni sawa na hati ya kiwanja.

Yule mzee wa shilingi 15,000 atarudi; aliyekuja mara mbili huja ya tatu. Mtu anayetaka kununua fungu zima kwa bei moja aghalabu amekiona kimoja ndani yake, na hivyo vingine ni vya kukifunika. Mkaribishe, mpe chai, kisha muulize kwa upole: kama ungeambiwa uchukue kimoja tu, baba, ungechukua kipi, na kwa bei gani? Atakachokitaja, kiandike, na siku hiyo usimuuzie.